Kuikagua Sarafu ya Zamani: Aina za Upigaji na Dalili za Muhuri Uliochoka

Chukua shilingi mbili za Afrika Mashariki za mwaka 1944. Simba ni yuleyule, mfalme ni yuleyule, thamani ni ileile. Moja ina herufi H, kwa hiyo ilipigwa Birmingham, Uingereza. Nyingine ina SA, nayo ilipigwa Pretoria. Mnunuzi asiyetumia lenzi ataziweka kwenye mfuko mmoja. Mwongozo huu ni wa kuzitenganisha, na zaidi ya hapo, wa kujua kama kasoro unayoiona ilizaliwa kiwandani au ilipatikana mfukoni, sokoni na kwenye mchanga. Kazi yote imesimama juu ya swali hilo la pili.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Muhuri ni kipande cha chuma kigumu kilichochongwa picha kinyume. Mihuri miwili hukibana kisahani kitupu cha metali, na picha hujitokeza pande zote mbili. Uso ni upande wenye jina au kichwa cha mtawala, mgongo ni upande wa pili. Uwanja ni sehemu tupu iliyo bapa, ukingo ni ule mwinuko unaozunguka, na ubavu ni unene wa sarafu wenye vimistari.

Vifaa

Lenzi ya sonara inayokuza mara 10 inatosha kwa kazi karibu yote. Ya mara 20 huonyesha eneo dogo mno na hukulazimu usogeze jicho hadi uchoke. Hadubini za kuchomeka kwenye kompyuta, zile zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme kama ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, ni nzuri kwa kupiga picha, lakini zina hatari yake: kila mkwaruzo huonekana kama bonde, na anayeanza huishia kuona maajabu kwenye kila sarafu. Anza na lenzi ya mkononi.

Ongeza mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa ya plastiki ya kupimia kipenyo (taya za chuma hukwaruza ubavu), sumaku ndogo, na taulo la pamba lililokunjwa la kutandika mezani ili sarafu ikianguka isiumie. Ishike kwa ubavu, daima, hata kama ni ya senti 10 iliyochakaa.

Taa iwe moja tu, upande mmoja, chini kidogo, ili mwanga ulale juu ya sarafu. Mwanga wa dirishani katika mawingu ya Julai ya Nairobi unafaa kuangalia rangi, ila huua vivuli, na bila vivuli huwezi kujua kilichoinuka na kilichozama. Lenzi ishikwe hivi: ilete karibu kabisa na jicho, kisha inua sarafu polepole hadi ionekane safi. Usiishike lenzi mbali kama mtu anayesoma gazeti.

Usioshe. Maji ya limau, majivu, dawa ya kung'arishia shaba, steelwool: kila kimoja hufuta ushahidi unaoutafuta. Kama kuna grisi au utando wa kijani unaonata kutoka kwenye albamu ya plastiki laini, loweka kwenye asetoni safi ndani ya chombo cha kioo, mahali penye hewa na mbali na jiko, halafu ilaze ikauke yenyewe bila kusugua. Dawa ya kutolea rangi ya kucha si mbadala. Mara nyingi ina mafuta na manukato yanayobaki kwenye metali. Udongo mkavu ulowekwe kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke, siku kadhaa ikibidi.

Kanuni ya kilichoinuka na kilichozama

Chochote kilichochimbika kwenye muhuri huinuka kwenye sarafu. Chochote kilichoipata sarafu baada ya kupigwa huzama. Kwa hiyo ufa wa muhuri ni mstari ulioinuka, na mkwaruzo wa msumari ni mfereji. Inasikika rahisi, lakini jicho hudanganyika, hasa kwenye picha ya simu. Njia ya kulidhibiti: angalia herufi iliyo karibu, ambayo unajua imeinuka, uone mwanga unang'aa upande wake gani. Mstari wenye shaka ukiwa na mng'ao upande huohuo, umeinuka. Mng'ao ukiwa upande wa pili, ni jeraha. Zungusha sarafu robo mzunguko, rudia.

Vipimo vya haraka

Pima uzito, kipenyo na sumaku kabla ya kuanza kutafuta tofauti ndogondogo. Shilingi za George V za 1921 hadi 1925 ni za fedha hafifu, robo tu ya uzito wake ikiwa fedha halisi. Zina uzito wa takriban gramu 7.8 na kipenyo cha milimita 27.8. Zikivutwa na sumaku, ni bandia. Shilingi za Kenya za mwaka 1966, za mchanganyiko wa shaba na nikeli, nazo hazivutwi. Zile za miaka ya 1990 zilizopigwa kwa chuma kilichopakwa huvutwa vizuri tu. Uchakavu hupunguza uzito. Sarafu iliyochakaa inayozidi uzito wake wa asili itiliwe shaka kuliko iliyopungua kidogo.

Uzito pia huonyesha aina. Senti 5 na senti 10 za George VI zilipigwa kwa bamba nene na baadaye jembamba: senti 10 nene huwa karibu gramu 11.3, nyembamba karibu 9.5. Kwa macho utazikosa; kwa mizani ni sekunde tatu.

Kisha tazama mkao wa pande mbili. Shika sarafu kwa kidole juu na chini, uso ukiwa wima, uizungushe kama mlango. Mgongo unapaswa kutokea wima pia, maana ndivyo sarafu za Afrika Mashariki na za Kenya zilivyopangwa. Mgongo ukilala upande, muhuri mmoja ulilegea ukazunguka. Mlalo wa nyuzi chache si kitu. Ukifika robo mzunguko, uandike.

Soma kabla ya kutafuta

Makosa mengi hutokana na kuruka hatua hii. Sarafu zenye tundu za 1936 ni mfano mzuri: mwaka huo una zilizopigwa kwa jina la George V na zilizopigwa kwa jina la Edward VIII, mfalme aliyeacha kiti kabla ya kutawazwa. Kwa kuwa senti 5 na 10 hazina kichwa cha mfalme, ila taji, tundu na pembe za ndovu, jina pekee ndilo linaloamua. Na tuseme wazi: za Edward VIII zilipigwa kwa wingi. Anayekutajia bei ya gari kwa sababu ya jina hilo hajui, au anajua sana.

Endelea hivyo. George VI anaitwa pia mfalme wa India kwenye sarafu za mwanzo, kwa kifupisho IND IMP. Baada ya uhuru wa India mwaka 1947 maneno hayo yaliondolewa, na shilingi za 1948 hazinayo. Za mwaka 1964 zenye tundu hazina jina la mtawala yeyote. Sarafu za Kenya za Mzee Kenyatta za 1966 hadi 1968 hazina maandishi kuzunguka kichwa. Kuanzia 1969 yapo. Hizi zote ni aina halali, zinaonekana bila lenzi, na bado watu huzichanganya.

Sasa tafuta herufi ya kiwanda. H ni Heaton wa Birmingham, KN ni Kings Norton, pia ya Birmingham, I ni Bombay, SA ni Pretoria. Isiyo na herufi kwa kawaida ni ya London. Ni ndogo sana, na mahali pake hubadilika kulingana na thamani, kwa hiyo pitisha lenzi pande zote mbili bila haraka. Usiseme haipo kabla ya kuangalia kama imejaa: grisi na vumbi la metali vikiziba kishimo kwenye muhuri, herufi hutoka hafifu au haitoki kabisa. Mahali palipozibwa huwa laini, na mara nyingi kuna uvimbe mdogo wa kivuli. Palipokwanguliwa na tapeli huwa na mikwaruzo midogo, rangi tofauti, na uwanja ulioshuka kidogo.

Kwenye shilingi za George VI, mgongo wenyewe una sura kadhaa. Weka mbili sambamba ulinganishe upana wa ukingo, vimeno vinavyozunguka ndani yake, mapambo madogo kwenye maandishi, na manyoya ya shingo ya simba, ambayo yalichongwa upya baada ya muda. Usilinganishe kwa kumbukumbu.

Muhuri unavyochoka

Hapa ndipo penye utamu, na pia ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Kila kisahani kinapobanwa, metali hutiririka kutoka katikati kuelekea ukingoni na kuusugua muhuri. Baada ya mapigo maelfu, muhuri hupata vijifereji vya mtiririko vinavyoelekea nje. Kwenye sarafu mpya kabisa, vijifereji hivyo ndivyo vinavyotengeneza ule mng'ao unaozunguka ukiigeuza chini ya taa. Kwa hiyo mng'ao si dalili ya muhuri mpya. Muhuri mpya hutoa uwanja mlaini.

Sehemu ya kwanza kuharibika ni herufi na tarakimu zilizo karibu na ukingo, kwa kuwa hapo metali hukimbia kwa kasi. Miguu ya herufi hupanuka kuelekea nje, kingo zake hupoteza ukali, na mwishoni huungana na ukingo kana kwamba zimeyeyuka. Uwanja nao huanza kukunjamana kama ganda la chungwa. Utaona hata kivuli maradufu pembeni mwa herufi, chenye ukungu, kisicho na umbo thabiti. Wengi huuza sarafu ya namna hiyo kama iliyopigwa kwa muhuri wenye maandishi maradufu. Siyo. Ni muhuri mzee.

Mchanganyiko wa shaba na nikeli ni mgumu kuliko shaba ya senti 10, hivyo hula muhuri haraka zaidi. Shilingi za 1948 hadi 1952 ni darasa zuri la kujifunzia dalili hizi, na bado zinapatikana kwa wingi.

Je, ni muhuri uliochoka au sarafu iliyotumika? Uchakavu wa mkononi hula palipoinuka kwanza: vito vya taji, shavu, nywele juu ya sikio, nyonga na manyoya ya simba. Hapo husagika na kuwa bapa, na rangi hubadilika, huku uwanja na mabonde vikihifadhiwa. Kwenye fedha hafifu ya 1921 hadi 1925 utaona hata rangi ya ndani yenye wekundu ikichungulia, kwa sababu ngozi ya juu ilikuwa na fedha nyingi kuliko ndani. Muhuri uliochoka hauchagui palipoinuka; huharibu kuelekea ukingo, na mng'ao unaweza kuwa bado upo juu ya maumbo yaliyofifia.

Kuna mshukiwa wa tatu: pigo dhaifu. Metali haikujaza kina cha muhuri, kwa kawaida katikati au mkabala na sehemu yenye kichwa kirefu upande wa pili. Dalili yake ni vikwaruzo vidogo vya kisahani cha asili kubaki palepale palipotakiwa kuwa na picha, kwa kuwa pigo halikuvifuta. Geuza upande wa pili uone kama udhaifu uko mkabala. Ukiwa mkabala, umepata jibu.

Nyufa, migongano na kusuguliwa

Ufa huanzia penye mkazo: pembe ya herufi, tarakimu, au ukingo. Huruka kutoka kichwa cha herufi moja hadi nyingine kwa mstari mwembamba usionyooka. Mstari ulionyooka sana na wenye unene sawa mwanzo hadi mwisho si ufa wa muhuri. Ufa ukikua, kipande cha muhuri kwenye ukingo humeguka, na sarafu hutoka na bonge lisilo na picha hapo. Kagua upande wa pili mkabala na bonge: panapaswa kuwa na udhaifu, kwa sababu metali ilikimbilia kwenye pengo. Bonge lisilo na udhaifu mkabala linaweza kuwa solda.

Mihuri ikigongana bila kisahani katikati, kila mmoja huachiwa kivuli cha mwenzake. Utaona mistari hafifu uwanjani isiyo na maana, hadi uitambue kuwa ni pambizo ya kichwa cha upande wa pili. Kuthibitisha kwa simu: piga picha pande zote mbili, igeuze ya uso kushoto-kulia, uilaze juu ya ya mgongo ikiwa nusu angavu. Mistari ikilingana, ni mgongano.

Baada ya mgongano mafundi wa kiwandani husugua uwanja wa muhuri ili kufuta kivuli. Kusugua huko huacha mistari sambamba myembamba iliyoinuka, inayoishia ghafla ukutani mwa herufi na picha, kwa kuwa msasa haukufika ndani ya mashimo. Mikwaruzo ya mtu aliyesugua sarafu huzama, na hupanda juu ya herufi bila kujali. Muhuri uliosuguliwa sana hupoteza kwanza vile vilivyochongwa kwa kina kidogo: nyuzi za manyoya, mistari ya milima, herufi ya kiwanda. Herufi kubwa hutoka nyembamba kuliko kawaida. Ukipata simba mwenye shingo tupu isiyo na manyoya lakini mbavu kali, fikiria msasa kabla ya kufikiria aina mpya.

Maandishi maradufu ya kweli na ya uongo

Ya kweli hutokea muhuri unapotengenezwa, picha ikibanwa mara mbili bila kukaa sawa. Kwenye sarafu, nakala zote mbili zimeinuka, zina mviringo wa juu, herufi ni nene kuliko kawaida, na pembe za herufi zina mpasuko mdogo kama ulimi wa nyoka. Ya uongo hutokea muhuri uliolegea ukiteleza mwishoni mwa pigo: huacha ngazi bapa, inayong'aa, iliyo chini karibu na uwanja, na herufi yenyewe huwa imekatwa ikawa nyembamba. Pima kwa macho unene wa herufi: imeongezeka au imepungua? Hilo pekee huondoa tisa kati ya kumi za zile zinazoitwa adimu sokoni.

Tabora 1916

Anayetaka kujifunza aina za mihuri kwa sarafu moja, atafute heli 20 za Tabora, sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wajerumani walipozingirwa na kukosa sarafu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walizipiga katika karakana ya reli, kwa shaba nyekundu na ya njano, pamoja na heli 5 na rupia 15 za dhahabu. Alama yao ni T. Mihuri ilitengenezwa kwa vifaa vya dharura, ikapasuka, ikabadilishwa. Kagua kwa mpangilio huu: rangi ya metali, kisha taji, kubwa au dogo, kisha ncha za herufi L mbili katika neno HELLER, kama zimechongoka zote, zimejikunja zote, au imejikunja ya pili tu, mwisho, nyufa. Muhuri mmoja wa uso huweza kuonekana na migongo tofauti, kwa hiyo andika jozi, si upande mmoja. Dhahabu yake, yenye ndovu, imeigizwa mno; usiinunue bila kupima uzito na bila mtu wa pili kuikagua.

Tundu

Visahani vya sarafu zenye tundu vilitobolewa kabla ya kupigwa, na ukingo mdogo wa tundu ukapigwa pamoja na picha. Tundu lililotobolewa baadaye lina mdomo mkali au makovu ya keekee. Sarafu isiyo na tundu kabisa hupendwa na walaghai: iangalie kwa mwanga wa kulala kama kuna duara la rangi tofauti katikati, alama ya kizibo. Kwenye sinia za mapambo za Maasai Market, ndururu (senti 5) na senti 10 nyingi zimepitishwa waya kwa miaka. Kingo za tundu huwa zimeliwa upande mmoja, jambo ambalo watu huliita tundu lililokaa kando.

Kuandika

Kwa kila sarafu: mwaka, jina la mtawala, herufi ya kiwanda, uzito, kipenyo, mkao wa pande, na kila dalili kwa nafasi yake. Nafasi itajwe kwa namba zilizochorwa kwenye uso wa saa, 12 ikiwa juu na 3 kulia, si kwa majira yetu. Vinginevyo mwenzako akisoma "saa tatu" ataangalia upande usiofaa. Piga picha mbili kila upande, taa ikiwa kwenye 9 kisha kwenye 12, simu ikiwa imelala juu ya vitabu ili isitikisike.

Hifadhi kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi au plastiki ngumu ya polyesta, kila moja peke yake, na vifuko vya silika ndani ya kopo wakati wa mvua za masika. Kama una rupia au pesa ya Mombasa ya 1888, ujue kwamba sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya 2006 huhesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale. Kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali, na mahali pa kuulizia ni Makumbusho ya Kitaifa.

Sarafu yenye alama usiyoweza kuieleza iwekwe kando hadi ipatikane ya pili. Muhuri hurudia alama yake mahali palepale kwenye kila sarafu uliyoipiga, jeraha halirudii. Za pili zikija, zipange kwa urefu wa ufa: yenye ufa mfupi ilipigwa mapema, yenye ufa mrefu baadaye.